Kioo cha Diski Mbili: Daftari la Kina Mama wa Kanduyi



Wasomaji wetu wametuzoea kwa mambo ya ndoa, mirathi na malezi, na huenda wakastaajabu kutuona leo tumeingia katika diski za kompyuta. Tunawaomba subira. Jambo tutakalolieleza lilianza kwa ugomvi wa wanawake na likaishia kwenye bisibisi, na katikati yake ipo haki ya mjane mmoja.

Mwezi uliopita tulisafiri kutoka pwani hadi Kanduyi, kaunti ya Bungoma, kumjulia hali binti wa ndugu yetu aliyeolewa huko yapata miaka kumi na moja sasa. Kanduyi, kwa asiyeijua, ni njia panda nje kidogo ya mji wa Bungoma, juu ya barabara kuu iendayo Malaba na Uganda. Malori hupita usiku na mchana. Asubuhi jua huwaka vizuri, na ikifika alasiri mawingu hushuka kutoka upande wa Mlima Elgon, mvua ikaja na radi ambazo sisi watu wa pwani hatukuzizoea. Tutazirudia radi hizo.

Binti yetu ana kiduka cha kuchapisha na kutoa nakala karibu na steji. Yeye pia ni katibu wa chama cha kina mama thelathini na wanne wa mtaa ule. Hukutana kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, wakacheza upatu, wakachangia mfuko wa maziko, yaani sanda, kafuri na gari la kubebea maiti, na wakakopeshana karadha isiyo na riba kwa anayetaka kulipa karo au kuongeza mtaji wa biashara. Hesabu zote hizo zilikaa katika faili moja, ndani ya kompyuta kuukuu ya mezani iliyoko dukani.

Mwaka jana, mwezi wa Rajab, kompyuta ile ilianza kutoa mlio kama wa saa ya ukutani. Siku ya tatu ikanyamaza. Fundi wa kwanza, ambaye hatutamtaja, aliifungua diski kifuniko ili aisafishe ndani. Diski ya aina ile ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kwa kichwa hicho, chembe moja ya vumbi ni jabali. Hapo ndipo miaka mitatu ya hesabu ilipokwenda bila kurudi.

Kina mama hawakukata tamaa. Waliokuwa wakilipa kwa M-Pesa walizitoa taarifa zao za simu, mwezi kwa mwezi, na hesabu zao zikajengwa upya hadi shilingi ya mwisho. Lakini alikuwamo mama mmoja mjane, muuza mboga, ambaye kila Ijumaa alileta fedha mkononi, nyingine za sarafu, zimefungwa katika ncha ya leso. Yeye hakuwa na ujumbe wowote kwenye simu. Alichokuwa nacho ni kalenda ya ukutani, ambayo kwa nyuma alipiga mstari wa kalamu kila alipolipa. Baadhi ya wenziwe walisema mistari hata mtoto huichora usiku mmoja. Mama yule aliikunja kalenda yake, akaaga, na Ijumaa iliyofuata hakuonekana.

Binti yetu alitusimulia haya huku akilia. "Ami," akatuambia, "mimi ndiye niliyeandika zile fedha kwa mikono yangu. Najua alilipa. Lakini najua kwa kichwa tu, na kichwa changu si daftari."

Twazingatia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani haikuhusu sala wala saumu, imehusu kuandikwa kwa deni. Aliyeweka daftari la watu amebeba amana, na amana hiyo humwangukia kwanza yule asiye na ushahidi mwingine. Mwenye simu nzuri na akaunti ya benki ana madaftari mengine yanayomshuhudia. Muuza mboga hana.

Kwa hiyo chama kilipokusanya fedha za kununua diski mpya, binti yetu alishauriwa anunue mbili za SSD na azifunge kwa mpango uitwao RAID. Akatuomba tuwepo siku ya kazi hiyo, tusikilize, na tumuulize fundi yale ambayo yeye angeona haya kuyauliza. Tulikubali, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Mpango wenyewe si mpya. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala wakisema kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei ghali, mtu angeweza kuunganisha diski nyingi ndogo za bei nafuu na kuzifanya zisaidiane. Hata herufi moja ya jina la RAID, mwanzoni, ilisimamia neno lenye maana ya urahisi wa bei. Wazo hilo lilienea katika maofisi makubwa, na leo limefika Kanduyi.

Njia za kuziunganisha ni kadhaa, na kila moja imepewa namba. Iliyo ya kutahadhari nayo ni namba sufuri. Humo kila faili hukatwa vipande, nusu ikaenda diski hii na nusu ile. Kasi huongezeka, lakini diski moja ikifa, nusu iliyobaki haina faida, ni kama kuchana barua katikati na kupoteza upande mmoja. Fundi kijana aliyekuja, na alikuwa mstahifu na mjuzi wa kazi yake, alikiri kwamba wateja wengi wa michezo ya kompyuta huipenda. Daftari la wajane halihitaji mbio. Diski moja tu ya SSD inayofungwa kwa kebo ya SATA husoma kiasi cha megabaiti 500 kwa sekunde, mara kadhaa kuliko ile ya sahani iliyokufa.

Namba tano huhitaji diski tatu au zaidi, na inafanya kazi kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Diski ya kwanza imeandikwa 3, ya pili 4, na ya tatu huandikwa jumla yake, 7. Ikifa ya pili, utatoa 3 katika 7 na utaipata 4 iliyopotea. Hesabu halisi ya kompyuta ni tofauti kidogo, lakini maana ndiyo hiyo. Ni mpango mzuri kwa mwenye mafaili mengi, na kwa kiduka ni mzigo.

Iliyobaki ni namba moja, kioo. Kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili. Diski mbili za gigabaiti 500 hukupa nafasi ya 500, wala si 1,000, na hiyo ndiyo bei ya usalama. Ikifa moja, kazi inaendelea kwa nyingine.

Hapo tukauliza swali letu la kwanza: je, diski hizi za SSD nazo hufa? Maana tulisikia kwamba hazina sahani wala kichwa, habari zake zimehifadhiwa kama chaji ndogo za umeme ndani ya vipande vya silikoni, basi kitu gani kitachakaa?

Fundi akajibu kwamba huchakaa kwa kuandikwa. Watengenezaji wenyewe hutaja kiwango. Kwa baadhi ya diski za gigabaiti 500 ni terabaiti 300. Tukakaa na kalamu. Mtu akiandika gigabaiti 20 kila siku, jambo ambalo chama hakitalifanya hata kwa mwaka mzima wa Ijumaa, kiwango hicho kitamtosha siku 15,000, yaani miaka arubaini na moja. Kwa hiyo hofu ya kuchakaa, kwa familia na kwa chama, tuiweke kando. Hofu yenyewe ni kifo cha ghafla. Ile ya sahani aghalabu hulalamika kwanza, kama ilivyolalamika ya binti yetu siku tatu. SSD huweza kuwa nzima leo jioni na kesho asubuhi kompyuta ikasema haijapata kuiona.

Na kuna jambo ambalo wauzaji husahau kulitaja. Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za SSD, kwa kosa lililokuwa katika programu ya ndani ya diski hizo, zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, ambazo ni miaka mitatu, siku 270 na saa nane. Namba hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa nafsi yake mara kumi na tano, na kila mwanafunzi wa kompyuta huitambua. Dawa ilikuwa kuibadilisha programu ile mapema. Lakini lililotushughulisha ni onyo lililofuatana na tangazo lile: diski zilizowashwa siku moja zingeweza kufa karibu wakati mmoja. Hebu mtu afikiri amenunua pacha wawili, wa kampuni moja, wametoka kiwandani siku moja na kuwashwa saa moja. Kioo chake kina nini? Kadhi akiletewa mashahidi wawili, kisha akabaini kwamba wa pili hakuona kitu bali alisimuliwa na wa kwanza, atasema ana shahidi mmoja.

Binti yetu alikuwa ameshanunua diski moja Bungoma mjini. Ya pili tulimwambia aiagize Nairobi, ya kampuni nyingine, nafasi ileile. Iliwasili kwa basi siku ya pili.

Kazi yenyewe haikuchukua muda mrefu. Kompyuta ilizimwa na kuchomolewa ukutani, diski mbili zikafungwa ndani ya kasha, kila moja na kebo yake ya data na ya umeme. Fundi alitaka kioo kiundwe na ubao mama wa kompyuta yenyewe, kwani una uwezo huo. Tukamuuliza: na ubao huo ukiungua? Akanyamaza kidogo, akasema kwamba mara nyingi italazimu kutafutwa ubao wa aina ileile ndipo diski zisomeke kwa usalama. Kwa kompyuta kuukuu iliyotoka ng'ambo, ubao wa aina ileile utapatikana wapi? Tukakubaliana kutumia njia iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, iitwayo Storage Spaces, ambayo huzikusanya diski katika bwawa moja na humruhusu mtu achague kioo cha pande mbili. Kompyuta ikiungua, diski huhamishiwa katika kompyuta nyingine yenye Windows, na bwawa likafunguka. Wanaotumia Linux wana chao, mdadm, nacho kinasifika.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa. Bwawa likiundwa, kila kilichokuwa ndani ya diski hizo hufutwa, kwa hiyo mtu asiingize diski yenye picha za harusi akidhani zitabaki. Na Windows yenyewe haikai ndani ya bwawa hilo. Huhitaji diski yake ndogo ya tatu, kama ilivyokuwa dukani.

Kisha likaja jaribio. Binti yetu aliandika faili ndogo, kompyuta ikazimwa, fundi akachomoa kebo ya diski moja, na kompyuta ikawashwa tena. Faili lilikuwapo na likasomeka. Mwenyekiti wa chama, aliyekuja kushuhudia na kinywaji chake cha tangawizi, alipiga kigelegele hata watu wa steji wakachungulia. Lakini tuliwaomba waangalie alama ndogo ya onyo iliyotokea kwenye kioo cha kompyuta. Alama hiyo ndiyo habari pekee kwamba diski moja haipo, kwa sababu kila kitu kingine kinaendelea kama kawaida. Asiyeifungua Storage Spaces akaitazama anaweza kukaa mwaka mzima akidhani ana mbili, naye ana moja. Binti yetu ameandika katika ratiba ya ukutani: kila Ijumaa, kabla ya kikao, aangalie. Kebo ikarudishwa, na diski ikaanza kujijaza upya kutoka kwa mwenzake.

Furaha ilipotulia tukauliza swali la pili. Je, mtu akilifuta faili kwa makosa?

Fundi akacheka, akamwambia binti yetu alifute. Likafutwa, hata katika pipa la taka. Likatoweka katika diski zote mbili kwa wakati mmoja, kwani kazi ya kioo ni kuonyesha kile ulichofanya, kizuri na kibaya. Na kwa SSD balaa huzidi. Katika diski za zamani, faili lililofutwa aghalabu hubaki chini kwa chini mpaka nafasi yake iandikwe kitu kingine, na fundi hodari huweza kulifukua. SSD haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Ni lazima ifute kwanza, nayo ni kazi inayochukua muda. Ndiyo maana Windows huijulisha mapema ni sehemu zipi hazitakiwi tena, kwa amri iitwayo TRIM, nayo ikazisafisha ili iwe tayari. Kinachoisaidia diski kwa kasi ndicho kinachomnyima fundi chochote cha kufukua.

Chumba kikawa kimya. Na kama kwa makusudio, nje ikapiga radi iliyotikisa mabati, na binti yetu akakimbilia ukutani kuchomoa waya. Hapo hatukuhitaji kuuliza swali la tatu. Diski mbili zilizo katika kasha moja, kwenye waya mmoja wa umeme, huungua pamoja, huibwa pamoja na hufunikwa na maji pamoja. Kifaa cha UPS kinasaidia umeme unapokatika ghafla katikati ya kuandika, nao hukatika sana huko, na tumewasihi wanunue kimoja. Lakini radi iliyokusudia nyumba haizuiliwi na kisanduku cha betri.

Wasomaji wetu wa Lamu watalielewa hili kwa mfano wa karibu. Hati za mkono za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha za kompyuta chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini, ili watafiti wa dunia nzima wazisome. Oktoba 2023 wahalifu waliingia katika mitandao ya maktaba hiyo jijini London wakadai fidia, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikakatika, baadhi kwa miezi mingi. Hati zenyewe zilikuwa Lamu, katika ulinzi wa wenyewe, na wahalifu wa London hawakuzigusa. Maktaba yenye mafundi mahodari ilipatwa. Kiduka cha Kanduyi kitajidai nini? Diski zipangwe namna gani, mwizi aliyepita mlango wa mtandao akishaingia huandika apendavyo, na kioo humwiga.

Basi ikanunuliwa diski ya tatu, ya nje, inayobebeka mkononi. Hii tulichagua iwe ya sahani, ya mtindo wa zamani, kwa sababu itakaa muda mwingi bila kuwashwa, na chaji za SSD iliyolala miaka kabatini huweza kuvuja kidogo kidogo. Kila Ijumaa baada ya kikao huchomekwa, hesabu hunakiliwa katika folda yenye tarehe ya siku ile bila kufuta za wiki zilizopita, kisha huchomolewa na kupelekwa kwa mavyaa wa binti yetu, upande wa Chwele. Mama huyo hajui kompyuta, lakini ana sanduku la mbao lenye kufuli, na hamna kwenye kaunti nzima mtu wa kulifungua bila idhini yake.

Sisi tuliongeza la nne, nalo ni karatasi. Kila mwisho wa mwezi huchapishwa ukurasa wa kila mwanachama, akaweka sahihi au kidole, nakala moja akaenda nayo nyumbani. Fundi aliona ni jambo la kizamani. Tulimkubalia, tukamwomba wino.

Ijumaa yetu ya mwisho Kanduyi mvua ilinyesha kabla ya Alasiri. Mwenyekiti alikuwa ameshakwenda mwenyewe kwa yule mama muuza mboga, mara mbili, kumtaka radhi. Wanachama walikaa wakakubaliana kumhesabia mistari yote ya kalenda yake kuwa malipo, na wawili waliokuwa wakali zaidi ndio walionyanyua mikono kwanza. Alikuja amechelewa, viatu mkononi kwa tope, akaketi karibu na mlango. Binti yetu alimpa ukurasa wake uliochapishwa. Mama yule hakuutia kidole. Alifungua mfuko wa plastiki, akatoa kalenda, akaikunjua juu ya magoti, na akaanza kulinganisha mstari mmoja mmoja, ncha ya kidole juu ya kalenda, macho juu ya karatasi, na kikao kizima kikamngoja.